Pikapu tupu huteleza zaidi

Masika hii ukipandisha Kibosho au Uru, kule miteremko ya Kilimanjaro, na Hilux, usiende bodi tupu. Injini iko mbele. Nyuma kukiwa kwepesi, tairi zinazunguka bure juu ya ule udongo mwekundu. Pakia mifuko miwili mitatu ya mchanga, usawa wa difu (ekseli ya nyuma), si kule mwisho mlangoni, na uifunge kamba. (Wenye mikungu ya ndizi, nyie uzito mnao tayari, hayawahusu.) Ingiza 4H (tairi zote nne zinavuta) kabla ya matope, si ukishazama. Kushuka, 4L (zote nne, mwendo wa polepole) na gia ya kwanza, injini ikushikilie. Breki gusa kidogo tu. Ukifika lami rudisha 2H (zinavuta za nyuma tu), maana kwenye kona kavu 4H inakaza mfumo mzima na kula tairi.