Kuutambua mbuni-mwitu msituni: anza na kifundo, malizia na punje

Jani la mbuni-mwitu, yaani mti wa kahawa unaoota wenyewe msituni, hudanganya. Kwenye misitu ya Shimba Hills kule Kwale, au Usambara Mashariki, kuna vichaka vingi vyenye majani ya namna hiyo, na wenyeji wa mijini huviita vyote kahawa ya porini. Beba lenzi ya mkono inayokuza mara 10 na kisu kikali.

Shika kitawi kichanga. Majani yakabiliane mawili mawili kwenye kifundo, yaani pale yanapochipukia kitawini, na kingo zake zisiwe na meno. Kati ya vikonyo vya majani hayo mawili, kila upande wa kitawi, tafuta kigamba kidogo cha pembetatu, mfano wa jani dogo, kinachoitwa stipuli. Kisipokuwepo, uache mti huo. Kikiwepo bado hujafika, maana familia nzima ya Rubiaceae, ambayo ndiyo ya mbuni, inacho, zikiwemo jamaa zake Psychotria na Tricalysia. Geuza jani: pale mishipa ya pembeni inapoungana na mshipa mkuu, mibuni mingi ina vishimo vidogo. Ukiona madoa meusi yaliyotapakaa ndani ya jani lenyewe, huo si mbuni; huenda ni Psychotria, kwa mfano Psychotria kirkii.

Maua ya mbuni ni meupe, yananukia, na hukaa kwapani mwa majani. Ya Psychotria kwa kawaida hutokea nchani mwa kitawi. Fuata mvua, usifuate kalenda. Mbuni huchanua siku chache baada ya mvua kuvunja ukame, na ua hudumu siku mbili tatu tu.

Ubishi huishia kwenye tunda. Likate kwa upana. Punje mbili zimetazamana kwa matumbo, na kila tumbo lina mfereji mmoja wa kina unaojikunja hadi ndani ya punje. Psychotria haina mkunjo huo. Tricalysia, inayotatiza zaidi kwa kuwa nayo huchanua kwapani, haina mfereji huo, na mara nyingi tunda lake lina mbegu zaidi ya mbili. Kata matunda matano au zaidi: hata mbuni halisi hutoa tunda lenye punje moja ya mviringo, upande mmoja usipokua.

Rangi isikupotoshe. Coffea pseudozanguebariae ya pwani huiva zambarau iliyokolea hadi nyeusi, si nyekundu, na punje zake hazina kafeini.

Kuwa mbuni si lazima uwe wa mwitu. Usambara Wajerumani walilima kahawa tangu miaka ya 1890, na bustani ya mimea ya Amani ilianza 1902, kwa hiyo mibuni iliyosimama kwa mistari au karibu na msingi wa nyumba ya zamani ni masalia ya shamba.

Ukiwa na kibali cha kuchukua sampuli, kata kitawi cha sentimita 30 chenye maua au matunda. Kigandamize kati ya magazeti, jani moja likionyesha mgongo, na badilisha magazeti kila siku kwa siku tano za mwanzo. Yakiachwa na unyevu, ukungu huingia na majani hupukutika. Andika papo hapo rangi ya tunda, harufu ya ua, kimo cha mti na mwinuko wa mahali, kwani rangi na harufu hupotea sampuli ikikauka.