Namna ya kumpata fundi wa kukufundisha picha za kizamani Dar es Salaam

Usisubiri tangazo. Uanagenzi wa picha za kizamani unauomba wewe mwenyewe, mara nyingi kwa mzee aliyefunga chumba chake cha giza cha kusafishia picha siku mashine za dijitali zilipoingia. Ukimwambia tu "nataka kujifunza picha za zamani", atakujibu kwa upole na mazungumzo yataishia hapo, maana hujasema unataka nini. Chagua mchakato kwanza.

Kolodioni, yaani picha kwenye kioo kilichopakwa dawa, ya Frederick Scott Archer ya mwaka 1851, iache kwa sasa hata kama ndiyo inayokuvutia. Dawa yake ina etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selsiasi. Chumba cha bati mwezi Februari hufika hapo bila jiko, na mvuke wake hudakwa na cheche ndogo tu. Tena wapo wanaoifiksi, yaani kuifanya picha isibadilike tena kwa mwanga, kwa sayanaidi ya potasiamu, sumu ya kuua. Lengo liwe bleki-end-waiti ya chumba cha giza, kwa sababu ndiyo mafundi wetu waliifanya kwa miaka mingi. Ila usiende mikono mitupu: nenda na sayanotaipu, picha za bluu zinazochapwa kwa jua, ulizotengeneza mwenyewe. John Herschel aliivumbua mwaka 1842, haidai chumba cha giza, na jua tunalo.

Yeyusha gramu 25 za amonia feriki sitreti ya kijani kwenye mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisayanaidi kwenye mililita 100 nyingine. Kila moja ikae kwenye chupa yake ya kahawia. Ferisayanaidi iulizie kwenye maduka ya kemikali za maabara za shule. Sitreti ndiyo ya kusaka, na huenda ukalazimika kuagiza. Maji yawe yaliyokenekwa. Wengi huyaita maji ya betri, lakini muuzaji akuhakikishie kwamba si asidi ya betri, kwa sababu asidi kali ikikutana na ferisayanaidi hutoa gesi ya sumu.

Chini ya taa hafifu ya njano, changanya kiasi sawa kutoka kila chupa; mililita 3 kwa jumla zinatosha karatasi ya A4. Paka kwa brashi ya sponji, isiyo na chuma. Karatasi iwe ya rangi za maji, ya gramu 300. Ya fotokopi mara nyingi ina chokaa, na chokaa hula bluu. Ikikauka, weka juu yake negativu (picha ambayo nyeusi na nyeupe zimebadilishana) iliyochapwa kwenye plastiki ya projekta, bana kwa kioo cha fremu, toa nje saa sita mchana. Funika kwa kadibodi na uisogeze kila dakika 2, upate kanda tano za kupima muda wa jua: dakika 2, 4, 6, 8 na 10. Osha hadi njano yote iishe. Maji ya kwanza yatie kijiko cha siki kwa lita, yale ya mwisho yawe matupu.

Bluu ikimwagika yote kwenye beseni, jua halikutosha au dawa haikuingia kwenye karatasi. Sehemu nyeupe zikitoka na ukungu wa bluu, karatasi ilikaa sana baada ya kupakwa. Wakati wa masika unyevu huianzisha dawa hata kabla ya jua, kwa hiyo paka usiku, kausha kwa feni, itumie asubuhi. Picha ikipauka wakati wa kuosha, shuku maji ya kisima au beseni lililobaki na sabuni ya unga. Nyuma ya kila karatasi andika kwa penseli saa, dakika, hali ya mawingu na aina ya maji. Zilizoharibika usizitupe. Fundi akiziona pamoja na maandishi yake atajua unapima, na hilo litamgusa kuliko picha moja nzuri.

Sasa mtafute. Pita studio za Kariakoo, Magomeni na Temeke, uwaulize vijana wanaopiga paspoti: nani alikuwa akisafisha mikanda hapa kabla ya mashine? Jina la mzee hutokea haraka kuliko unavyodhani. Kwa wasanii wa sasa, ulizia Nafasi Art Space, Mikocheni. Ukivuka Unguja, tazama kazi za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ili jicho lizoee nyeusi iliyoiva inavyokaa kwenye karatasi. Kwa fundi nenda katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Jumamosi ana harusi. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo mzee. Nimeambiwa ulikuwa ukisafisha picha kwa mkono. Nimeleta majaribio yangu, naomba uyaangalie."

Na wewe mpime, kwa adabu. Divelopa ya D-76, dawa ya kutokeza picha kwenye mkanda, kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba la Dar hayashuki hivyo. Muulize alikuwa akifanyaje. Aliyeifanya kazi kweli atakujibu bila kufikiri: barafu ndani ya beseni la nje, chupa ya dawa katikati, kamwe si barafu ndani ya dawa, kwa sababu itaizimua. Au atakwambia alipunguza dakika, lakini si chini ya tano, mkanda usije ukatoka na mabaka. Omba pia kuona picha yake ya zamani: iliyogeuka njano huenda haikufiksiwa au kuoshwa sawasawa.

Akikubali, mkubaliane kwa karatasi moja yenye sahihi mbili. Miezi mitatu, siku mbili kwa wiki, ni mwanzo mzuri. Andikeni nani ananunua mikanda, karatasi na dawa (usitegemee mzee azitoe mfukoni), ada ni kiasi gani au utalipa kwa kazi, na lini utaacha kuosha trei na kuanza kushika enlaja, mashine ya kukuza picha, mwenyewe. Andikeni pia negativu zako zinabaki kwa nani, na kama picha za wateja wake wa zamani unaruhusiwa kuzichapa. Zile zina nyuso za watu, na ruhusa ya fundi peke yake haitoshi kuziweka hadharani.