Kabla hujamwendea fundi wa mashine ya kusaga mabaki ya mbao

Huku Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill, mabanzi ya misindano, yaani vipande vya pembeni vinavyobaki gogo likipasuliwa mbao, hayana thamani kubwa. Mengine huishia kuchomwa moto. Wakati huohuo mfugaji wa kuku anahangaika kutafuta maranda, na mkulima wa uyoga anatafuta vumbi la mbao. Ndiyo maana naulizwa sana: "Bwana shamba, mashine ya kusaga haya mabanzi inatengenezwaje?" Nami huuliza kwanza: unga wa kazi gani?

Jibu lako ndilo linaloamua matundu ya chekeche. Kwa uyoga, milimita 5 au 6 zinatosha. Kwa banda la kuku usishuke chini ya 10, kwani unga laini unapaa na kuwasumbua kuku kifua na macho. Mwambie fundi alifunge chekeche kwa boliti, asilichomelee, ili uweze kubadilisha.

Mashine yenyewe ni ndugu wa ile ya mahindi: shafti, nyundo zinazoning'inia, chekeche chini yake. Ila banzi zima haliingii humo. Lianze kukatwakatwa kwa sahani yenye visu, vipande visizidi sentimita 3 hivi, ndipo nyundo zimalizie. Na kuni ziwe kavu. Banzi bichi huziba chekeche, mota inanguruma na unga hautoki.

Kwenye mwendo, piga hesabu. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika, puli yake sentimita 20, ya mashine sentimita 10: shafti itazunguka karibu mara 2,900. Ikiwa kutoka ncha ya nyundo hadi ncha ya upande wa pili ni sentimita 40, ncha inakwenda kama mita 60 kwa sekunde. Hapo mti unapasuka.

Kwa mwendo huo, uzito wa nyundo si jambo la kukisia. Mafundi wengi hukata nyundo kutoka springi za gari, chuma kizuri kabisa, ila ziwekwe kwenye mzani moja baada ya nyingine, na zinazotazamana zilingane. Niliwahi kuitwa kwa mkulima ambaye mashine yake ilikuwa "inacheza ngoma". Nyundo moja ilivunjika, akaweka mpya, zile nyingine zikabaki zimelika. Beringi mbili zilikufa ndani ya wiki. Nyundo hubadilishwa kwa jozi. Ncha moja ikilika, igeuze utumie ya pili.

Mdomo wa kulishia uwe mrefu kuliko mkono wa mtu, na mkanda ufunikwe. Vaa barakoa. Msumari mmoja kwenye banzi unatoa cheche, na vumbi kavu la mbao halihitaji zaidi ya hapo kuwaka. Weka sumaku mdomoni na usivute sigara jirani. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa usizisage hata kidogo, si za kuku wala za uyoga.

Lakini kama kiwanda cha jirani kinakupa vumbi bure, beba magunia, mashine ya nini?

Siku ya kuikabidhiwa, iendeshe tupu nusu saa, izime, ichomoe umeme, kisha gusa nyumba za beringi. Mkono ukishindwa kukaa hapo, fundi asilipwe hela ya mwisho.