Kuzunguka Mwanza kwa baiskeli: Buhongwa, Usagara, Kisesa na kurudi mjini

Ufukwe wa Ziwa Victoria kwa upande wa Mwanza umejaa ghuba na rasi, na njia nyingi zinazoelekea majini huishia kwenye mwalo wa wavuvi. Ukifika hapo unageuza baiskeli na kurudi ulikotoka. Kwa hiyo mzunguko wa kweli wa baiskeli ya lami unajengwa kwa barabara tatu za bara: ya Shinyanga kupitia Mkuyuni, Butimba na Buhongwa hadi Usagara, ya mchepuko kutoka Usagara hadi Kisesa, halafu ya Musoma, kurudi mjini kupitia Igoma, Nyakato na Mabatini. Jumla ni kilomita 60 hivi. Ziwa utaliongeza kwa vipande.

Amua kwanza uelekeo. Anza na Usagara, malizia na Kisesa. Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, hivyo kona zote mbili kubwa utazikata kushoto bila kuvuka njia ya malori. Ukizunguka kinyume chake, kona zilezile unazikata kulia, na pale Usagara utajikuta umesimama katikati ya lami ukisubiri malori ya Shinyanga yapite. Isitoshe, anayetoka mjini kuelekea Kisesa asubuhi analipokea jua usoni, na dereva aliye nyuma yake analipokea vilevile. Huyo dereva ndiye unayetaka akuone vizuri kuliko wote.

Saa ya kuondoka nayo ina hesabu yake. Mwanza iko mbali magharibi lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua huchelewa: kulingana na mwezi, huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 asubuhi. Kuondoka saa 11 na nusu ni kupita Mkuyuni gizani. Subiri kupambazuke, uwashe taa nyekundu ya nyuma hata kukiwa na mwanga, kisha uondoke. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa utakanyaga kama saa tatu. Ongeza saa moja ya kupumzika na dharura, uwe mjini kabla ya saa 5. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara, na kipande chako cha mwisho, Kisesa hadi mjini, kinaelekea magharibi, moja kwa moja kwenye upepo huo. Wakati huohuo Igoma na Nyakato zimeshajaa daladala na bodaboda. Daladala ikisimama mbele yako, usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara: abiria wanashukia mlango wa kushoto. Simama nyuma yake, au geuza kichwa utazame nyuma ndipo uipite kwa kulia.

Kuhusu vilima, chora njia kwenye programu ya ramani inayoonyesha mwinuko, kisha usikae ukiangalia jumla ya mita za kupanda peke yake. Angalia kila kilima kivyake. Gawanya mita za mwinuko kwa urefu wa kilima: mita 40 ndani ya mita 800 ni asilimia 5, mlima wa kukanyaga umekaa. Ukifika asilimia 8 na zaidi, sprocketi (gurudumu la meno la mnyororo) kubwa ya nyuma yenye meno 32 pamoja na ya mbele yenye meno 34 itakuokoa magoti. Mwenye meno 39 mbele na 25 nyuma atasimama kwenye pedeli. Uwe mwangalifu na grafu. Ramani nyingi hutumia vipimo vya setilaiti vyenye miraba ya mita 30 hivi, na palipo na jabali kubwa kando ya barabara, urefu wa jabali huhesabiwa kama wa barabara. Kwa Mwanza ya mawe hili ni kawaida. Mchongoko wa ghafla wenye urefu usiofika mita 100 uutilie shaka. Kilima cha mita 500 kiamini. Ukitaka mwinuko zaidi, panda kilima cha Isamilo, mjini, ukiwa bado na nguvu.

Vipande vya ziwa ni viwili vinavyofaa. Capri Point, rasi iliyo mjini, iache mwisho, kama njia ya kupoza miguu kando ya maji na miamba. Kigongo ni kwa mwenye pumzi: Usagara unakata kulia, unateremka hadi kwenye ghuba, unalitazama Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, kisha unarudi Usagara kwa njia ileile. Pima umbali huo kwenye ramani kabla, maana kilomita zake unazilipa mara mbili.

Mvua ikishanyesha, mchanga mnene wa miamba husombwa kutoka vilimani na kulala juu ya lami, hasa chini ya mteremko penye kona. Ukifunga breki ya mbele juu yake, gurudumu linateleza kabla hujajua. Punguza mwendo kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima, halafu achia breki upite. Tairi za milimita 28 hadi 32 zinavumilia zaidi kuliko zile nyembamba za 23.

Ukitoka nje ya lami, inyanyue baiskeli, usiisukume: miiba ya migunga haionekani vumbini. Beba tyubu mbili, viraka, solushen, pampu na vijiti vya kutolea tairi. Usitegemee kununua tyubu njiani. Mafundi wana tyubu za namba 28 za baiskeli za mizigo, na rimu hizo zina kipenyo cha milimita 635 wakati rimu ya baiskeli ya lami ni 622. Tyubu yake ni nene, itajikunja ndani ya tairi yako na kupasuka. Kama vali yako ni ile nyembamba, chukua na adapta yake, la sivyo pampu ya fundi haitashika.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu kwa kila saa. Anza na chupa mbili zilizojaa, ujaze tena Usagara na Kisesa. Ukihisi kichwa kinauma ilhali unakunywa, huenda umepoteza chumvi: pakiti moja ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja ya maji husaidia. Na ukifika ufukweni umechoka, jimwagie maji ya chupa. Usiingie ziwani kujipoza, hata maji yakifika magotini tu, kwani vimelea vya kichocho hupenya kwenye ngozi, na kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ndiko wanakoishi konokono wanaokieneza.