Kabla hujachomeka birika na pasi kwenye ekstensheni moja, piga hesabu

Watu wengi wakinunua birika la umeme wanaangalia rangi na bei basi, wakati kwenye kitako chake kuna kibandiko kina karibu kila kitu unachohitaji, kisome kabla hujachomeka. Tuseme kimeandikwa volti 230, wati 2200. Gawanya wati kwa volti unapata ampea 9.6 hivi, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya, halafu gawanya volti kwa hizo ampea unapata ukinzani, yaani jinsi birika linavyouzuia umeme kupita, omu 24. Ukiwa na volti na ampea tu, zizidishe zinakupa wati. Hesabu ndo hiyo, haina uchawi.

Sasa jumlisha. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4.3, ukiiweka na birika kwenye ekstensheni moja unakaribia 14, na plagi yetu ya pini tatu bapa fyuzi yake mwisho ni 13. Na usitegemee fyuzi ikuokoe, ukizidisha ampea moja haikatiki papo hapo, inavumilia muda mrefu tu huku waya unapata moto. Kwa hiyo soma na waya wenyewe, mara nyingi umeandikwa kwenye ganda: wenye unene wa ndani wa 0.75 mm² ni wa ampea 6, hata birika peke yake hauliwezi, wa 1.25 ndo unabeba 13. Zile ekstensheni nyembamba za bei chee zenye soketi sita naona ziachiwe chaja, taa na redio. Kama waya umezungushwa kwenye roli ukunjue wote, joto linakosa pa kutokea.

Halafu kuna soketi iliyolegea, hii inaunguza nyumba za watu na hawaiwazii kabisa. Joto pale linapatikana kwa ampea mara ampea mara omu, kwa hiyo pini isiyoshika vizuri ikiwa na nusu omu tu, na ampea 10 zinapita, ni wati 50 zinawaka ndani ya kaplastiki kadogo, hizo ni kama za pasi ya kuchomelea risasi! Ukiona plagi inakuwa ya moto au soketi ina weusi, acha kuitumia, ita fundi abadilishe.

Ukitaka kupima mwenyewe, chomoa plagi kwanza, weka mita ya kupimia umeme (multimita) kwenye omu, birika likae kwenye kitako chake na swichi ukiwa umeibonyeza, gusa zile pini mbili za chini za plagi, ikisoma karibu 24 liko sawa. Pini ya ethi, ile ndefu ya juu, na yoyote kati ya hizo mbili mita isisome kitu, ikisoma usilitumie. Na tafadhali sana, mita ikiwa kwenye ampea usiitie kwenye matundu ya soketi, hapo umepiga shoti mkononi mwako. Ampea zipimwe na klampu mita, ile yenye mdomo wa kubana waya, tena izunguke waya mmoja tu, ukibana zote mbili inasoma sifuri.

Umeme ukiwa mdogo, tuseme volti 190, omu zinabaki zile zile 24, ampea zinashuka hadi 7.9 na wati zinakuwa 1500, ndo maana maji yanachelewa kuchemka, birika halijaharibika. Friji sasa usiipigie hesabu hii ya omu, ile ina mota, wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya ampea zilizoandikwa, ipe soketi yake ya ukutani.