Namna ya Kutambua Maneno ya Dini ya Kiarabu katika Kimalei na Kiindonesia

Anza na mwisho wa neno. Majina mengi ya Kiarabu yanayoishia kwa ta marbuta (herufi ya mwisho wa neno ambayo mara hutamkwa t, mara huachwa) yalipoingia katika Kiswahili yalibaki na irabu tu, yaani baraka, rehema, umma, nia na kibla, ilhali Kimalei kilishika t na kusema berkat, rahmat, umat, niat na kiblat. Ukikutana na neno lenye -at, iondoe t, kisha ulitamke polepole. Yale yenye -ah, kama ibadah na sedekah, hayana taabu. Yapo pia yaliyoingia kwa sura mbili zenye maana tofauti: sunat, katika mazungumzo ya kila siku, ni kutahiri, na sunah ni mwenendo wa Mtume.

Ufunguo wa pili, ambao kwangu ndio mtamu zaidi, ni ain, herufi ya Kiarabu inayotamkwa kooni. Ikiwa katikati ya neno, Kiswahili huimeza na kuacha irabu zikifuatana, bali Kimalei mara nyingi huiandika k: maana ni makna, laana ni laknat, neema ni nikmat, maasia ni maksiat, raia ni rakyat, na hata yaani ni yakni. Ukishaizoea k hiyo, ukurasa mzima hufunguka.

Vitabu vya Indonesia vilivyochapwa kabla ya mageuzi ya tahajia ya 1972 huandika ch pahali pa kh na sj pahali pa sy, kwa hiyo achirat ni akhirat, yaani akhera, na sjarat ni syarat, yaani sharti.

Usiyatafutie mzizi wa Kiarabu maneno puasa (saumu), dosa (dhambi), pahala (thawabu), surga (pepo) na neraka (moto), kwa kuwa asili yake ni Kisanskriti. Uislamu uliyakuta na kuyatumia, kama sisi tulivyobaki na kufunga na pepo, ambayo ni ya Kibantu.

Hatimaye, hakiki maana hata pale sauti inapolingana. Fitnah ya Kiindonesia ni kumsingizia mtu, si kuchonganisha watu kama fitina yetu. Magazeti nayo huandika “Jenazah disalatkan di masjid”: masjid ni msikiti, na ndani ya disalatkan imo swala, lakini jenazah si jeneza bali ni maiti yenyewe, kwa hiyo tafsiri yake ni “Maiti aliswaliwa msikitini.”