Kabla ya kumeza mafuta ya mbegu za kitani, yanuse

Nimetumia mafuta haya miaka minne, na kila anayeniuliza humwambia kwanza hivi: tia tone kwenye kijiko (kama ni ya kapsuli, toboa moja kwa pini uminye), nusa, kisha onja. Mafuta mazima yana harufu ya mbegu, karibu na ya karanga mbichi. Yakiwa machungu, yakikwaruza koo au yakinuka kama rangi ya kupaka mbao, yameshachacha, yatupe. Harufu hiyo ina sababu yake. Mafuta ya mbegu hizihizi ndiyo mafundi hupaka mbao, maana yakipata hewa hukauka yakawa utando mgumu. (Ya dukani kwa rangi mara nyingi yametiwa kemikali za kukausha, usiyaonje kabisa.) Chupa yangu ya kwanza niliiweka kabatini karibu na jiko, kifuniko kimelegea, nikameza uchungu wiki mbili nikidhani ndiyo ladha yake.

Kwa hiyo nunua chupa ndogo ya kioo cheusi, iweke kwenye friji, na usikaangie kamwe. Mwagia chakula kikishaiva.

Zaidi ya nusu ya mafuta haya ni ALA, aina ya mafuta ya omega-3 ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 7, na mtu mzima anahitaji gramu 1.1 hadi 1.6 tu kwa siku, hivyo kijiko cha chai kinatosha. Lakini usihesabu kwamba umekula samaki: omega-3 za samaki ni EPA na DHA, na ni sehemu ndogo tu ya ALA ambayo mwili huigeuza kuwa EPA, na inayogeuzwa kuwa DHA ni ndogo zaidi. Na kama shida yako ni choo kigumu, saga mbegu zenyewe, kwa sababu nyuzinyuzi haziingii kwenye mafuta.

Ukizidisha, tumbo litakuendesha. Anza na nusu kijiko cha chai, pamoja na chakula.

Hapa sasa naomba unisikilize vizuri. Mama yangu anatumia warfarini. Nilimpelekea chupa kwa nia njema, mfamasia akatuzuia: mafuta haya yakikutana na dawa za kuzuia damu kuganda, hatari ya kuvuja damu inaweza kuongezeka. Hata aspirini ya kila siku itaje. Mwambie daktari kabla ya upasuaji au kung'oa jino, na mjamzito asianze bila kuuliza. Mama hakuanza. Tulipeleka orodha ya dawa zake zote kwa daktari wake, na chupa ile nikaimaliza mimi.